Msikilizeni Anavyopumua: Maneno Kuhusu Buldogi na Chotara Wake

Hotuba iliyotolewa mbele ya wafugaji wa mbwa, Dar es Salaam, ikaandikwa baadaye na msemaji mwenyewe

Mwenyekiti, wenyeji wetu, wafugaji wenzangu, habari za jioni.

Kabla sijaanza naomba tunyamaze nusu dakika. Kijana, hiyo feni ya huku mbele izime kidogo.

Mmesikia? Huo mkoromo si wa mzee aliyesinzia safu ya nyuma. Umetoka chini ya meza hii. Huyu anaitwa Bonge, ana miaka minne, buldogi wa Kiingereza, baba na mama wote wana vyeti vya damu safi. Na hajalala. Macho yake yako wazi, ananitazama mimi. Hivyo ndivyo anavyopumua akiwa macho, amejilaza kivulini, saa kumi na moja jioni. Haya, washa feni yake.

Naona wengine mnacheka. Simlaumu mtu, nami nilicheka miaka mingi. Nimetibu mbwa mjini hapa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna maneno niliyoambiwa mara nyingi kuliko haya: "Daktari, ndivyo walivyo." Mbwa akikoroma mchana kutwa, ndivyo walivyo. Akitoa povu baada ya kupanda ngazi sita, ndivyo walivyo. Siku akianguka uani saa saba mchana, ulimi umekuwa wa zambarau, hapo sasa napigiwa simu, na hapo hakuna tena anayesema ndivyo walivyo.

Nimeombwa nizungumzie chotara: je, ni sawa kuchanganya damu ya mbwa, hasa buldogi? Nilipoingia humu nimeona mmekaa kama harusini, upande wa bwana na upande wa bibi. Huku wenye mbwa wa vyeti, kule wenye chotara, na katikati viti vitupu. Basi niseme mapema nisije nikaonekana nakwepa. Kwa buldogi, kuchanganya ni dawa, tena iliyochelewa. Ila dawa ina dozi, na wengi wanaouza chotara hawaijui. Kwa hiyo leo nitawaudhi wa pande zote mbili.

Tuanze na hilo neno "safi".

Buldogi alitengenezwa Uingereza kwa kazi moja chafu. Fahali alifungwa kwenye nguzo, mbwa wakaachiwa wamrukie puani, watu wakaweka pesa. Mwaka 1835 sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama ikaupiga marufuku mchezo huo, na mbwa akabaki hana kazi. Kilichomwokoa ni maonesho. Maonesho ya mbwa yalianza Newcastle mwaka 1859, Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, ikaundwa 1873, na miaka miwili baadaye wapenzi wa buldogi wakawa na chama chao London. Tangu hapo mbwa huyu hakuhukumiwa tena kwa anachoweza kufanya. Alihukumiwa kwa macho. Mwamuzi akipenda uso mfupi, kizazi kijacho kinakuja na uso mfupi zaidi. Akipenda kichwa kikubwa, vichwa vinakua.

Lakini wakati huohuo wanaume wengine walikuwa wanamchukua buldogi huyohuyo na kumchanganya bila haya. Bwana James Hinks wa Birmingham alichanganya damu ya buldogi na ya teria, akapata bulteria. Walinzi wa mapori ya uwindaji walitaka mbwa wa kumwangusha mwizi bila kumrarua, wakamchanganya na mastifu. Bulmastifu huyo Kennel Club ilimtambua mwaka 1924. Wajerumani nao, kule Munich, walimchanganya na mbwa wao wa kukamata ng'ombe, wakapata boksa, na klabu yake ikaanza 1895. Leo nenda kamwambie mwenye boksa kwamba mbwa wake ni chotara wa buldogi, uone kama utapewa chai. Usafi wa mbwa, ndugu zangu, kwa sehemu kubwa ni tarehe ambayo mtu fulani alifunga daftari na kusema kuanzia leo hatuandikishi mgeni.

Sasa turudi kwa Bonge, maana hapa ndipo pana uzito.

Mbwa hatoki jasho kama sisi. Joto lake linatoka kwa kuhema: hewa inapita kwenye unyevu wa ulimi na wa pua, unyevu unakauka, damu inapoa. Ndani ya pua ya mbwa wa kawaida kuna vijifupa vyembamba vilivyokunjwa kama karatasi, vimevikwa utando wenye majimaji. Hiyo ndiyo redieta yake. Buldogi fuvu lake limefupishwa, lakini nyama za ndani hazikufupika nalo. Ni kama mtu achukue godoro la sita kwa sita alikunje aliingize kwenye kitanda cha mtoto. Kaakaa laini ni refu mno, linaning'inia mpaka kwenye njia ya hewa. Tundu za pua za Bonge, mtakaosogea karibu mtaona, ni nyufa mbili. Ncha ya kijiti cha kiberiti itaingia kwa shida. Sasa mbwa huyo, redieta imebanwa, mmempeleka Mbezi mwezi wa pili.

Watafiti wa Uingereza waliopitia kumbukumbu za zahanati za mifugo walikuta buldogi yuko kwenye hatari ya kuugua kwa joto mara 14 ya Labrado. Uingereza, jamani! Nchi ambayo jua likiwaka siku tatu mfululizo linaandikwa magazetini. Huku kwetu hesabu hiyo sijui tuiweke wapi.

Na si joto peke yake. Mwaka 2022 watafiti wa chuo cha tiba ya mifugo cha London walitoa makadirio ya umri wa mbwa wa Uingereza. Teria mdogo wa Jack Russell anayezaliwa leo anatarajiwa kuishi miaka 12 na nusu na zaidi kidogo. Buldogi, miaka 7 na miezi kadhaa. Kuzaa ndiyo usiseme: utafiti mwingine wa hukohuko, uliotolewa 2010, ulikuta zaidi ya asilimia 80 ya mimba za buldogi zinaishia kwenye kisu. Kichwa cha mtoto kikubwa, nyonga ya mama nyembamba, basi. Nimewahi kumpasua buldogi jike usiku wa manane umeme umekatika, mwenye mbwa amenishikia tochi ya simu, mkono unamtetemeka mpaka nikamwambia aegemee ukuta. Tuliwatoa watoto sita, wanne wakalia. Asubuhi yake aliniuliza lini anaweza kumpandisha tena.

Wa upande wa vyeti mtaniambia: daktari, tutachagua vizuri zaidi. Tutapandisha wanaopumua vizuri, tuache wabovu. Ni wazo jema, na kwa baadhi ya matatizo linasaidia. Lakini uchaguzi unataka kuwe na cha kuchagua. Mwaka 2016 Profesa Niels Pedersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walipima vinasaba vya buldogi 102. Walichokuta ni umaskini: wanafanana mno, kiasi kwamba walitilia shaka kama ukoo huu unaweza kujitibu wenyewe kwa kutumia damu iliyobaki ndani yake.

Chukueni mkia tu. Ule mkia wa buldogi uliojikunja kama skrubu, ambao wengine mnausafisha kwa pamba kila wiki kwa sababu ngozi chini yake inaoza, unatokana na kasoro ya jeni moja. Watafiti wa Davis hukohuko waliieleza mwaka 2018. Mabuldogi wa Kiingereza wanaibeba kasoro hiyo nakala mbilimbili, moja ya baba na moja ya mama. Mkitaka mkia ulionyooka mtampandisha nani kwa nani? Pishi zote mbili zina mchele uleule wenye mawe. Uchanganye upendavyo, mawe hayatoki.

Dawa ya kitu cha namna hii tunaijua, kwa sababu ilishajaribiwa kwa mbwa wengine. Wale weupe wenye madoa meusi, dalmeshia, walikuwa na shida inayofanana. Wote kabisa walikuwa na jeni mbovu inayofanya mkojo ujae asidi ya uriki, na madume wengi wakawa wanaziba kwa mawe ya kibofu. Mwaka 1973 Mmarekani Dakta Robert Schaible, mtu wa vinasaba, alimpandisha dalmeshia na pointa. Mara moja tu. Kisha watoto akawarudisha kwa dalmeshia, na wajukuu, na vitukuu, kila kizazi akichagua walioshika jeni nzima ya pointa. Baada ya vizazi vichache hakuna jicho lingewatofautisha na wenzao wa vyeti. Mwaka 1981 wawili wakaandikishwa Marekani, kisha wenye klabu wakaghadhibika, mlango ukafungwa, ukakaa umefungwa miaka 30, mpaka 2011. Miaka 30 mbwa wanaziba mkojo, na dawa iko bandani kwa jirani! Uingereza walimwandikisha mmoja, anaitwa Fiona, mwaka 2010, akaingia maonesho ya Crufts mwaka uliofuata, na bado kuna waliopiga kelele kwamba ni chotara.

Kwa buldogi yupo David Leavitt wa Pennsylvania. Mwaka 1971 alianza kumtafuta buldogi wa zamani, yule aliyeweza kukimbia. Hakuchanganya kwa kubahatisha. Nusu aliweka buldogi wa Kiingereza. Nusu ya pili akaigawa sehemu tatu sawa, bulmastifu, pitibuli na buldogi wa Kimarekani. Na sasa sikilizeni, hapa nawaomba wenye ng'ombe mtege sikio: mpango wa kupandisha aliuazima kwa profesa wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliyeubuni kwa ajili ya ng'ombe. Ng'ombe! Mbwa wake akamwita Olde English Bulldogge. Uswisi, Bi Imelda Angehrn, aliyekuwa mfugaji wa buldogi wa Kiingereza, aliwachanganya mbwa wake na hao wa Leavitt kuanzia 2001, na chama cha mbwa cha nchi yake kikamkubalia. Aliona wa kwake hawapumui.

Nimetaja ng'ombe kwa makusudi. Katika ukumbi huu hakuna anayeshtuka kusikia ng'ombe chotara. Nani hapa atasema ng'ombe wa Mpwapwa si ng'ombe? Yule ametengenezwa Dodoma hapo, kwa damu ya Sahiwal na Red Sindhi kutoka bara Hindi, zebu wetu, Boran, na kidogo ya Kizungu, kwa sababu walitaka mnyama anayetoa maziwa bila kufa njaa kiangazi. Kuku chotara mnauziana kila Jumamosi. Lakini mkigeukia mbwa, ghafla mnaongea kama wazee wa ukoo wanaokagua mchumba.

Basi. Upande wa bibi harusi naona mnanipigia makofi. Ngojeni zamu yenu.

Wiki mbili zilizopita kaka mmoja alinionesha tangazo kwenye simu: "Chotara wa buldogi wa Kifaransa na wa Kiingereza, afya ya uhakika, nguvu ya damu mbili." Nikamuuliza, pua fupi ya Mfaransa ikikutana na pua fupi ya Mwingereza, pua ndefu itatoka wapi? Hata ile jeni ya mkia, Wafaransa nao karibu wote wanayo. Huyo mtu amechanganya majina, hajachanganya chochote kingine. Amechukua ugonjwa uleule akauandikia jina jipya na bei ya juu.

Kuna imani kwamba chotara, kwa kuwa ni chotara, ana afya. Mwaka 2024 watafiti wa chuo kilekile cha London walilinganisha aina tatu za chotara wanaopendwa sana kwao, wenye damu ya pudo, na mbwa wa koo za wazazi wao. Kwa zaidi ya asilimia 86 ya milinganisho hawakuona tofauti. Hawakuwa wagonjwa zaidi, hawakuwa wazima zaidi. Damu mpya inasaidia pale ambapo mzazi mmoja ana kile ambacho mwingine amekosa. Wote wawili wakikosa, umezalisha aliyekosa mara mbili. Mwaustralia Wally Conron ndiye aliyempandisha Labrado na pudo mwishoni mwa miaka ya 1980, apate mbwa wa kumwongoza mama asiyeona ambaye mumewe alikuwa anadhurika na manyoya. Sababu njema kabisa. Uzeeni alisema anajuta, kwa sababu walimwiga watu wasiopima chochote, wakapandisha mbwa wenye nyonga mbovu na wenye kifafa ilimradi mtoto atoke na manyoya ya mawimbi. Na Waingereza walipowapiga marufuku wale mbwa waitwao XL Bully mwisho wa 2023, walikuwa wanashughulika na mbwa wa mchanganyiko waliochaguliwa kwa ukubwa na vitisho. Hakuna aliyekuwa anapima tabia.

Niwape mfano wa karibu. Huyu mwingine aliyelala mlangoni, wa rangi ya udongo, anaitwa Bobi. Mlinzi wake yupo hapa, kanikubalia nisimulie.

Kigamboni kuna nyumba yenye buldogi jike aliyenunuliwa kwa bei ya bajaji. Alipoingia joto, mwenye nyumba akatafuta dume lenye cheti, likapatikana Arusha, wakaanza kuelewana bei. Walipokuwa wanaelewana, koko wa mlinzi, sikio moja limesimama na jingine limelala, alishamaliza shughuli. Hakuomba miadi. Nilipopima mimba mwenye nyumba alikaa chini. Usiku wa siku ya 62 nililala na begi la upasuaji mlangoni. Saa kumi na moja alfajiri simu ikaita. Ni mlinzi: "Daktari, ameshazaa. Watano. Nyuma ya simtanki." Peke yake, usiku, bila mimi wala kisu. Nilifika nikasimama pale natazama watoto watano wananyonya, nikajihisi mjinga mwenye begi kubwa.

Mwenye nyumba alisema kitu kimoja tu: "Nitawauza kwa jina gani?" Akampa mlinzi wote.

Sasa, ningekuwa muuza mbwa ningekomea hapo. Lakini nimewafuatilia wale watano. Watatu wazima kabisa. Mmoja alitoka na uso wa mama, anakoroma, si kama Bonge lakini anakoroma. Mmoja alivimba ile nyama nyekundu kwenye kona ya jicho, ugonjwa wa mama uleule, nikamshona. Wana wa mama mmoja, wa usiku mmoja. Mkia wa Bobi mnauona unavyofagia sakafu: amepata nakala moja mbovu ya ile jeni na moja nzima ya koko, na ile nzima imetosha. Lakini ile mbovu anayo bado. Mkimpandisha kwa buldogi mwingine kwa kudhani sasa mmepona, skrubu zitarudi kwa baadhi ya watoto. Hiyo ndiyo dozi niliyoisema mwanzo. Kupandisha mara moja ni kufungua mlango. Kazi iko kwenye daftari la vizazi vitatu, vinne vinavyofuata: nani alizaa mwenyewe, nani alianguka kwa joto, nani alishonwa jicho. Leavitt alikuwa na daftari. Schaible alikuwa na daftari. Mwenye tangazo la kwenye simu ana simu.

Wanorwe walilipeleka jambo hili mahakamani. Januari 2022 mahakama ya Oslo ilisema kuzalisha buldogi wa Kiingereza na wale mbwa wadogo waitwao Cavalier kunavunja sheria yao ya ustawi wa wanyama. Rufaa ikawaachia wa buldogi, Cavalier wakabaki wamezuiwa, na mwaka 2023 mahakama ya juu ikalishikilia hilo la Cavalier. Kilichonivutia mimi ni kwamba ile hukumu ya kwanza ilisema wazi haizuii kuchanganya na aina nyingine, mradi kufanywe kwa umakini na kwa misingi ya sayansi. Sisi hatuna hukumu ya namna hiyo. Tuna nyinyi mliokaa humu, mnaoamua nani ampande nani.

Mzee wangu pale mbele aliniuliza mlangoni, nikienda kununua niulize nini? Usiulize cheti kwanza, mzee wangu. Omba umwone mama, saa nane mchana, usikubali asubuhi. Uliza alizaaje. Uliza dume amewahi kupanda mwenyewe au huwa anasaidiwa. Kisha mwombe mwenye mbwa azime redio.

Na sasa kabla ya chai tufanye kitu kimoja. Chuo Kikuu cha Cambridge na Kennel Club wana kipimo chao cha tangu 2019. Unamsikiliza mbwa kooni kwa stetoskopu, anakimbizwa taratibu dakika tatu, unamsikiliza tena, unampa daraja: sifuri ni mzima, tatu ni mgonjwa. Jua limeshapungua, chini ya mwembe pana upepo, maji yako kwenye ndoo ya bluu. Waliokuja na mbwa, wa vyeti na wasio na vyeti, panga mstari mmoja. Bobi ataanza, mlinzi amshike kamba.

Bonge haendi. Huyu ni daraja la tatu kabla hajanyanyuka. Alhamisi nitampanua tundu za pua na kupunguza lile kaakaa, mwenye mbwa ameshakubali. Kwa leo aachwe hapa na feni yake.